Meno ya Chini Yamepita ya Juu? Kabla Useme "Itajipa tu," Soma Hii

Simama mbele ya kioo saa hii. Meza mate, uma meno ya nyuma polepole vile unafanyanga ukitafuna, halafu fungua midomo kama unapigwa picha. Cheki meno ya mbele. Yapi yametangulia, ya juu ama ya chini?

Kwa watu wengi ya juu ndiyo hufunika ya chini, kidogo tu, kama milimita 2 au 3 hivi, vile kifuniko hukalia sufuria. Kama yako yamegeuka, ya chini yako nje na ya juu yamejificha nyuma, basi uko na ile kitu madaktari wa meno huita andabaiti. Mtaani iko na majina mengine mob, na hakuna hata moja ungependa kuitwa mbele ya watu.

Hatukuja hapa kukuambia uko na sura mbaya. Tumekuja kuongea juu ya muda. Mtoi wa miaka 8 mwenye hii shida anaweza kusaidika na kifaa cha kuvaa akiwa kejani. Huyo huyo akifika miaka 20 bila kuonwa na mtu, huenda njia iliyobaki ni kuingizwa theatre na taya zikatwe. Kati ya hiyo miaka 8 na 20 kuna sentensi moja ambayo wazazi Wakenya wanaipenda sana: "Wachana nayo, itajipa akikua."

Wakati mwingine hujipa kweli. Mara mob haijipi. Wacha tukupe rada.

Kwanza jua yako ni ya aina gani

Watu wawili wanaweza kuwa na meno yamekaa vile vile kwa kioo, na bado shida zao ziwe tofauti kama matatu na bodaboda.

Aina ya kwanza ni ya meno peke yake. Taya ziko fiti, ila jino moja au mawili ya juu yaliota yakielekea ndani, labda kwa sababu jino la utoto lilikawia kung'oka na la ukubwani likatafuta njia ya pembeni. Hii ndiyo rahisi kabisa. Ikishikwa mapema, kifaa kidogo cha kusukuma hilo jino mbele kinaweza kuimaliza kwa miezi michache.

Aina ya pili ni ya mazoea ya kuuma. Mtoi akifunga mdomo, meno ya mbele yanagongana ncha kwa ncha, inamsumbua, basi anasukuma taya ya chini mbele ndio meno ya nyuma yakutane. Ukimwangalia unadhani taya yake ni ndefu, kumbe ni yeye anaisukuma bila kujua. Daktari huigundua kwa kumlegeza taya na kuirudisha nyuma polepole. Kama meno ya mbele yanaweza kurudi hadi yagusane ncha kwa ncha, hiyo ni habari njema.

Aina ya tatu ni ya mifupa yenyewe, na hapa kuna kitu wasee wengi hawajui. Si lazima taya ya chini iwe ndefu kupita kiasi. Kwa watu wengi taya ya juu ndiyo imebaki nyuma, ama zote mbili zimechangia. Ndio maana unaweza kupata msee mwenye kidevu cha kawaida tu, lakini sehemu ya kando ya pua na chini ya macho inaonekana imezama kiasi.

Hii tofauti ni muhimu sana ukifika kwa matibabu, kwa sababu taya ya juu ya mtoto inaweza kuvutwa ije mbele. Kuzuia ya chini isikue ni vita ngumu, na mara nyingi mfupa ndio hushinda.

Kuna mtu hawezi kukuambia ni aina gani kwa kukuangalia tu kwa simu, hata kama ako na wafuasi milioni. Daktari hupima kwa mkono, huchukua picha, na hupiga eksirei ya kichwa ikiwa imechukuliwa kutoka upande. Hapo ndipo anaona taya gani imetoka kwa mstari, na kwa milimita ngapi.

Nani alileta hii maneno kwa familia?

Jibu la kwanza ni damu. Andabaiti ya mifupa hutembea kwa familia. Cheki picha za zamani za wazee wenu, hasa zile zimepigwa kutoka kando. Ukiona kidevu cha guka kinafanana na chako, umepata jibu.

Mfano maarufu duniani ni wa familia ya kifalme ya Habsburg, waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya. Taya yao ilijulikana hadi ikapewa jina la familia. Mfalme Carlos II wa Uhispania, aliyezaliwa 1661 na kufa 1700, alikuwa na taya ya chini imetoka hadi kutafuna chakula kilikuwa kibarua. Kwao walikuwa wanaoana wenyewe kwa wenyewe ndio ufalme usitoke nje ya nyumba: babake Carlos alikuwa amemuoa mpwa wake mwenyewe. 2019 watafiti walikaa chini na picha 66 za kuchorwa za watu 15 wa hiyo familia, wakaita madaktari wa upasuaji wa taya wazikague, na wakapata kwamba kadiri ndoa za ndugu zilivyozidi ndivyo taya ilivyozidi kutoka.

Usianze kuangalia wazazi wako vibaya. Andabaiti hupatikana kwa familia za kawaida kabisa, na mzazi mmoja akiwa nayo haimaanishi watoi wote watakuwa nayo. Maana yake ni moja tu: kama wewe unayo, mtoi wako achekiwe mapema kuliko wengine.

Sababu zingine zipo. Watoto waliozaliwa na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka, wakashonwa wakiwa wadogo, wengi wao taya ya juu hukua polepole kwa sababu ya kovu. Hao wanafaa kufuatiliwa na daktari wa kupanga meno hadi wakue, hata kama mdomo uliponea vizuri.

Na kunyonya kidole je? Hiyo mara nyingi huleta kinyume: meno ya juu ndiyo hutoka nje. Mathee asikudanganye kwamba taya yako ilitoka juu ya kidole. Na haikutoka juu ya laana, jicho baya ama vile mama alikuwa anacheka watu akiwa na mimba. Hizo ni stori za jaba.

Kuna moja ya kuchunga sana. Kama ulikuwa sawa miaka yote, halafu ukiwa mtu mzima unaona taya inasonga mbele, mianya inafunguka kati ya meno, pete haiingii tena na kiatu kimepanda saizi, usiende kutafuta bresi. Nenda hospitali ya kawaida uongee na daktari. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo inayotoa homoni ya kukuza mwili, na ikipata uvimbe inaweza kuendelea kukuza mifupa ya uso, mikono na miguu. Inatibika, lakini si kazi ya daktari wa meno peke yake.

Inasumbua wapi hasa?

Mtihani wa Kikenya ni mahindi choma. Mtu mwenye meno ya kawaida anashika hindi, anauma safu kwa safu. Mwenye andabaiti kubwa hawezi: meno ya mbele hayakutani vile yanafaa, basi anapukuchua kwa kidole ama anauma na upande. Chapati anairarua kwa mkono. Muwa ndiyo usiseme. Wengi wamezoea hadi hawajui wanafanya hivyo.

Ya pili ni kusagika. Meno yakigongana mahali hayafai kugongana, ncha zinaisha polepole, na fizi ya mbele ya meno ya chini inaweza kurudi chini kwa sababu ya kusukumwa kila siku. Jino halikui tena. Ukilimaliza ukiwa 30, limeisha.

Ya tatu ni sauti. Sema "fufua vifaranga" na usikilize mdomo wako. Sauti ya f na v hutoka meno ya juu yakigusa mdomo wa chini. Mwenye andabaiti hulazimika kugeuza, meno ya chini yaguse mdomo wa juu, ama atumie midomo yote miwili. Wengi wanaongea vizuri tu na hutawahi jua, lakini wengine s na f zinawasumbua. Cha kushangaza, 2019 kuna watafiti walioandika kwenye jarida la Science kwamba hizi sauti za f na v zilienea zaidi kwa lugha za dunia baada ya watu kuanza kulima na kula vitu laini, kwa sababu meno ya juu yalianza kubaki mbele hadi utu uzima.

Ya nne ndiyo watu hawataki kusema: daro. Mtoto akichekwa kila siku anajifunza kucheka akiwa amefunika mdomo na mkono. Anakataa kusoma kwa sauti. Anakataa picha. Kama mtoi wako amefika hapo, usimwambie "wachana nao." Hiyo pekee ni sababu tosha ya kumpeleka achekiwe.

Kwa upande mwingine, usitishwe bure. Si kila mtu mwenye andabaiti huumwa na taya ama kichwa. Kuna wengi wanakula nyama choma na kuishi miaka 80 bila shida. Ukubwa wa hali ndio huamua, na huo hupimwa.

Miaka 7 hadi 10: hapa ndipo mchezo unachezwa

Chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto achekiwe mara ya kwanza kabla ya kupita miaka 7. Wakenya wengi hufikiria bresi ni stori ya sekondari. Kwa meno yaliyopandana tu, sawa, unaweza kungoja. Kwa andabaiti, kungoja hadi hapo ni kuchelewa.

Sababu ni hii. Taya ya juu imeunganishwa na mifupa mingine ya uso kwa viungo vinavyofanana na mshono. Kwa mtoto, huo mshono bado ni laini. Ukiuvuta taratibu kwa miezi, mfupa mpya unajaza nafasi na taya inasonga mbele. Mtoto akikaribia utineja, mshono unakaza, na kuvuta kunazaa matunda kidogo.

Kifaa chenyewe ukikiona mara ya kwanza kinaweza kukutisha. Kina pedi moja ya paji la uso, nyingine ya kidevu, na chuma kinachopita katikati. Ndani ya mdomo kuna kingine kimeshikishwa kwa meno ya juu, na raba mbili zinaunganisha cha ndani na cha nje. Raba ndizo huvuta taya ya juu ije mbele. Mara nyingi huwa kuna pia kifaa cha kupanua kaakaa, ambacho mzazi hukizungusha na ufunguo mdogo kidogo kidogo vile daktari ameagiza.

Mtoto huvaa hiyo kitu masaa 12 hadi 14 kwa siku, kwa miezi 6 hadi 12 au zaidi. Habari njema ni kwamba masaa mengi ni ya jioni na usiku, basi haendi nayo shule wakamcheke. Habari ngumu ni kwamba isipovaliwa haifanyi kazi. Ikikaa kwa droo inatibu droo. Na kama mtoi ako boding, ongea na daktari na shule kabla ya kuanza, kwa sababu hakuna metroni atahesabu masaa kama wewe.

Inafanya kazi? Uingereza walipima hii kitu vizuri. Walichukua watoto 73 wa miaka 7 hadi 9 kutoka hospitali 8, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa hicho kifaa, wengine wakaachwa waangaliwe tu. Miaka 6 baadaye, kati ya walioachwa, asilimia 66 walikuwa wamefika mahali pa kuhitaji upasuaji wa taya. Kati ya waliovaa kifaa walikuwa asilimia 36.

Soma hizo namba mara mbili. Haijasema kila mtoi atapona, kwa sababu zaidi ya theluthi moja ya waliotibiwa bado walihitaji upasuaji. Lakini tofauti kati ya 66 na 36 ni watoi wengi waliokwepa theatre kwa sababu mtu aliwapeleka mapema.

Sasa unaona kwa nini "itajipa tu" ni sentensi ya bei ghali.

Miaka 11 hadi 17: mwili unakimbia

Hapa mtoto anarefuka ghafla, suruali inakuwa fupi kila muhula, na taya ya chini nayo haibaki nyuma. Taya ya chini ni kati ya mifupa ya uso inayochelewa sana kuacha kukua, hasa kwa maboyi. Ndio maana unaweza kuona mtu aliyekuwa na andabaiti kidogo darasa la saba, akitoka fomu four imezidi.

Kwa hali ndogo, bresi pamoja na raba za ndani ya mdomo zinaweza kuegemeza meno ya juu mbele na ya chini nyuma hadi yakutane vizuri. Taya zenyewe hazijasonga. Ni meno yamepangwa kuficha tofauti. Kwa watu wengi hiyo inatosha kabisa.

Kwa hali kubwa, daktari mzuri anaweza kukuambia ungoje. Hapo wazazi huchanganyikiwa: jana mliambiwa msichelewe, leo mnaambiwa mngoje. Lakini hii ni ngoja tofauti. Ni ya kupimwa, eksirei ya mwaka huu ikilinganishwa na ya mwaka jana, ndio ijulikane mfupa umetulia lini. Ukipangwa bresi ya kuficha ukiwa 13 na taya ikaendelea kukua hadi 18, kazi yote inafutika. Na ikibidi upasuaji baadaye, meno yaliyoinamishwa ndio yaficha tofauti yatalazimika kurudishwa kwanza.

Umefika 18 na kuendelea? Bado kuna njia

Kwanza, hakuna umri ambao bresi hukataa. Kama meno na fizi ziko poa, unaweza kuvaa ukiwa 25 ama 45. Zile trei za plastiki zisizoonekana zinaweza kusaidia kwa hali ndogo, lakini hazisongezi taya ya mtu mzima. Mtu akikuambia zinasongeza, shika doh yako.

Kwa andabaiti kubwa ya mifupa, dawa ni upasuaji. Na kabla utoroke, jua vile huenda.

Unaanza na bresi, mara nyingi kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kuweka kila jino wima juu ya mfupa wake. Jiandae: katika hiyo miezi andabaiti inaonekana mbaya zaidi, kwa sababu meno yaliyokuwa yakiificha yameacha. Halafu mifupa ikishaacha kukua, kwa wasichana kuanzia miaka 16 ama 17 na kwa wanaume mara nyingi 18 hadi 21, unaingia theatre. Unalazwa usingizi kabisa. Madaktari wanapitia ndani ya mdomo, kwa hivyo mara nyingi hakuna kovu usoni. Wanaweza kuleta taya ya juu mbele, kurudisha ya chini nyuma, ama kufanya zote mbili, kisha wanashikisha na vibati na skrubu ndogo za titani ambazo kwa kawaida hubaki humo maisha yako yote.

Njia ya kukata taya ya chini kwa kuipasua kama kitabu na kuitelezesha, ile inatumika hadi leo, ilitengenezwa miaka ya 1950 na daktari Hugo Obwegeser akiwa Zürich. Kwa hivyo hakuna mtu anakufanyia majaribio.

Hospitali unakaa siku chache. Uso unavimba noma wiki za kwanza, kisha unashuka. Kwa kama wiki 6 ni uji, supu, viazi vya kupondwa, matoke laini na maziwa. Githeri utaiona kwa macho. Baadaye bresi zinaendelea miezi kadhaa kumalizia. Ukijumlisha safari yote ni kama miaka 2 hadi 3.

Hatari zipo na lazima zitajwe. Kubwa ya taya ya chini ni ganzi. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya huo mfupa unaokatwa, na ukiguswa unaweza kuhisi ganzi kwa wiki, kwa miezi, na kwa watu wengine sehemu hubaki hivyo kabisa. Kuna pia kuvuja damu, maambukizi, na taya kurudi kidogo ilikotoka. Daktari asiyekutajia hizi hajamaliza kazi yake.

Vitu usijaribu, hata kama TikTok imekuambia

Ya kwanza ni ule mchezo wa kubandika ulimi juu ya kaakaa mchana kutwa ndio taya ijipange. Jina lake linatoka kwa daktari Mwingereza John Mew na mwanawe Mike Mew. Kupumzisha ulimi hapo hakuna ubaya, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba kunasongeza taya ya mtu mzima. Na 2024, baraza la madaktari wa meno la Uingereza lilimfuta Mike Mew kwenye orodha yake juu ya vile alitibu watoto wawili.

Ya pili ni kufunga meno na raba za nywele ama za ofisi. Raba huteleza, inapanda chini ya fizi ikifuata mzizi, na hapo huioni tena. Kuna watu wamepoteza meno ya mbele yaliyokuwa mazima kabisa kwa hiyo njia.

Ya tatu ni bresi za urembo zinazobandikwa na mtu asiye daktari. Waya inavuta jino iwe ulitaka ama hukutaka. Gundi isiyo ya meno nayo inang'oa ngozi ya juu ya jino. Malaysia kuna watu wamepelekwa kortini juu ya hiyo biashara.

Ya nne ni ya watoi wachanga. Bado kuna watu huku Afrika Mashariki wanakata fizi za mtoto kutoa "meno ya plastiki," wakisema ndiyo yanaleta homa na kuhara. Hayo ni meno ya kawaida ambayo bado hayajatokeza. Kuyachimba huleta maambukizi, na kunaweza kuharibu meno ya ukubwani na kuvuruga mpangilio wote wa mdomo. Mtoto akiwa na homa, apelekwe hospitali.

Sasa tuongee doh

Bresi si mchezo. Kwa kliniki za binafsi Nairobi bei huvuka laki moja bila shida, na upasuaji uko juu zaidi. Lakini kuna vitu vinapunguza maumivu.

Anza na daktari wa meno wa kawaida kwenye hospitali ya kaunti ama ya karibu. Kuangaliwa hakumaanishi umeanza matibabu, na unaweza kuambiwa hali ni ndogo, urudi mwaka ujao. Hospitali za kufundishia, kama ile ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mara nyingi huwa nafuu kuliko za binafsi, ila foleni ni ndefu. Kliniki nyingi pia hukubali ulipe mdogo mdogo, kwa sababu matibabu yenyewe huchukua miezi mob.

Kuhusu bima, ya kazini ama ya SHA, usidhani. Bima nyingi huweka bresi kwenye fungu la urembo. Daktari akiandika kwamba huwezi kuuma chakula ama meno yanasagika, una hoja ya kwenda nayo. Ulizia kabla ya kuanza, na jibu ulipate kwa maandishi.

Kabla uketi kwa kiti cha mtu, hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Hiyo orodha iko kwa tovuti yao. Kisha uliza haya maswali matano:

1. Yangu ni ya meno, ya mazoea ama ya mifupa? Na kama ni mifupa, ni taya gani?
2. Nikingoja mwaka mmoja, nitapoteza nini?
3. Huu mpango unasongeza taya ama unapanga meno tu?
4. Nikimaliza, nitavaa kifaa cha kushikilia kwa muda gani?
5. Bei uliyosema ni ya kila kitu, ama kuna eksirei, kung'oa meno na kifaa cha mwisho nje ya hiyo?

Swali la nne wengi husahau. Meno hukumbuka yalikotoka, na msee akitoa bresi halafu atupe kifaa cha kushikilia, anaweza kujipata amerudi alikoanzia na laki imeenda.

Na kama hutaki kutibu?

Hiyo pia ni haki yako. Kama wewe ni mtu mzima, unakula vizuri, meno hayasagiki, fizi ziko sawa na sura yako unaipenda vile iko, hakuna sheria inasema lazima ubadilike. Safisha meno mara mbili kwa siku, achekiwe mara kwa mara ndio kusagika kukianza kuonekane mapema, na uendelee na maisha.

Lakini mtoi hawezi kujiamulia, na ule mshono laini wa taya ya juu haumngoji. Leo jioni ukiwa nyumbani mwambie aume meno ya nyuma na akuonyeshe tabasamu. Kama ya chini yako mbele na amefika miaka 7, piga simu kliniki kesho. Na kama hajafika 7, mtaje tu kwa daktari mkienda siku nyingine. Jibu likiwa "bado," mtakuwa mmepoteza asubuhi moja tu.